Namba Inayoishia na Tatu

DADA: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Mimi, kaka yako.

DADA: Mbona namba siijui?

FUNDI: Simu ya mlinzi. Yangu imezima. Ananikodolea macho, salio lenyewe la kubahatisha.

DADA: Shikamoo.

FUNDI: Marahaba. Shemeji anaendeleaje?

DADA: Wamemfunga taya. Niko koridoni, nimemwacha na nesi. Anaandika kwa kidole kiganjani mwangu.

FUNDI: Anaandika nini?

DADA: "Nilisema." Basi. Anarudia hilohilo.

[Mikwaruzo.]

FUNDI: Unakatika—

DADA: Anaandika "nilisema"! Huko wanasemaje?

FUNDI: Kwamba aliingia njia ya kurukia kimya. Hapa hatuna mnara wa kutuongoza, kila rubani anajitangaza redioni. Mwalimu alikuwa anatua na mwanafunzi wake kutoka upande wa pili. Ile nundu ya katikati ya njia ikawaficha, wakagongana. Mwalimu anaapa hakusikia mtu.

DADA: Mwalimu yu mzima?

FUNDI: Mkono tu.

DADA: Na mwanafunzi?

FUNDI: Amefariki, saa nne asubuhi hii.

DADA: Yule binti wa viatu vyekundu?

FUNDI: Huyohuyo.

DADA: Kaka, mimi nilimsikia.

FUNDI: Binti?

DADA: Mume wangu! Saa mbili na dakika kumi, nikiwa zamu kwenye redio ya uwanja wetu. "Niko mwisho wa mashariki, naingia njiani, naruka." Na uwanja wenu akautaja.

FUNDI: Haiwezekani. Nyinyi ng'ambo ya kilima mna namba yenu ya redio, sisi yetu.

DADA: Ndiyo nikadhani ananitania. Si mnapenda kuhamia namba yetu kunisalimia? Nikamjibu.

FUNDI: Ukamjibu nini?

DADA: "Njia nyeupe, bwana mkubwa. Ruka." Nikacheka, kaka. Kikombe cha chai mkononi, nacheka.

FUNDI: Mdogo wangu—

DADA: Jana jioni nani aliniita kwa redio ya ndege yake?

FUNDI: Nilikuwa naijaribu. Nilibadilisha waya, sasa—

DADA: Ukanisomea dawa za mama, moja moja.

FUNDI: Ndiyo.

DADA: Ulipomaliza, ulirudisha namba?

[Mikwaruzo.]

FUNDI: Mlinzi anataka simu yake—

DADA: Mwache atake!

FUNDI: Huwa narudisha. Miaka kumi na tisa. Narudisha, naipiga redio kofi, nashuka.

DADA: Jana uliipiga kofi?

FUNDI: Jana mama alipiga simu. Nikashuka kupokea.

DADA: Uko wapi sasa?

FUNDI: Bandani. Wameyakokotea mabaki humu. Gari la wakaguzi liko getini.

DADA: Bandani sehemu gani?

FUNDI: Ndani ya ndege.

DADA: Unafanya nini ndani ya ndege?

FUNDI: Niko mbele ya redio.

DADA: Toa mkono hapo.

FUNDI: Nina watoto wanne.

DADA: Mimi wawili, na baba yao ndiye huyo kitandani. Nami ndiye niliyemwambia aruke. Nimeshaandika kwenye daftari la redio, saa yake na jibu langu. Ninalo kwenye mkoba.

FUNDI: Ungelisahau tu huko kazini—

DADA: Nikirudi chumbani atashika kiganja changu. Nimjibu nini?

FUNDI: Usiniulize hivyo.

DADA: Nisomee namba.

FUNDI: Salio linakwisha, mdogo wangu—

DADA: Basi soma upesi!

[Honi kwa mbali.]

FUNDI: Inaishia na tatu.

DADA: Ya kwetu.

FUNDI: Ya kwenu. Mambo ni mabaya.

DADA: Mkono uko wapi?

FUNDI: Nimeuweka kifuani. Wanaingia— mwambie shemeji... mwambie alisema.

DADA: Nitamwambia. Kaka, usi—

FUNDI: Karibuni, wazee. Fundi ni mimi. Kabla hamjagusa kitu, sogeeni muione hii re—

[Simu inakatika.]

DADA: Haloo? Kaka? Haloo?