Shamba la Kando ya Makaburi

Ndani ya basi la Kilolo, mwaka 1956, mjane Evarista, aliyeketi mbele yangu, alisema kwamba anakwenda kupalilia shamba lake la kando ya makaburi ya kale. Didas, abiria asiyemjua, akamhurumia papo hapo. "Liache, mama. Mizimu ya pale hula watu!"

"Mume wangu amezikwa pale. Kila mavuno humpelekea pombe ya ulanzi, na bado hajanila. Nikiliacha, nani atalilima?"

"Mimi nitajitolea."

Ukarimu huo ulinigusa sana.

Basi likasimama makaburini. Evarista akashuka na jembe lake. "Karibu basi, baba, nikuonyeshe mipaka mbele ya wenyewe."

Didas, aliyelipa nauli ya kufika hapo hapo, akamwambia utingo kwamba atashukia mbele.