Msitu Msafi Kuliko Yote

Benchi letu liko nje ya karakana ya Msumeno, seremala anayebishana hata na mbao zake. Pembeni hukaa shangazi muuza kahawa na birika lake. Nyuma ya karakana kuna kile kipande cha msitu kilichomalizwa na wachoma mkaa, ambacho sisi wa kijiweni tulijitolea kukilea mpaka kirudi. Kila Jumamosi tunaingia na mafyekeo, tunasafisha, tunatoka tukijipongeza. Miti imerudi kweli, ila yote ni migunga. Ikishamaliza kuchanua, nyuki wa mwenzetu Baba Mizinga hawana ua jingine la kwenda. Jumamosi hii alikuja amebeba mzinga mtupu, akaulaza kwenye benchi, mahali pake pa kukaa, akabaki amesimama.

— Wamehama tena. Umebaki mzinga mmoja tu wenye nyuki. Na huo ukihamwa, nitafuga nini? Nzi?

— Pole, kaka, Msumeno akamwambia. Ila usiwalaumu nyuki. Mwenye njaa hana miiko.

— Nimemlaumu nani? Nauliza, mikwaju iko wapi? Misambarau iko wapi? Ule mkwaju mkubwa unamwaga matunda kila mwaka, na chini yake hakuna hata mtoto mmoja!

Fundi simu, tunayemwita Chaji, akaweka kikombe chini.

— Huo mgumba.

— Mgumba, na matunda yote yale?

— Matunda unayo, nia hauna. Siku hizi hata miti inapanga uzazi.

— Acha upuuzi, Msumeno akamkata. Ni tumbili. Wanakula mbegu zote. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Sasa methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu tumbili.

Baba Mizinga akashika kichwa. Chaji hakumwona, alishaanza kunyoosha kidole juu.

— Mnaona ule mnara wa simu? Mbegu inataka utulivu ili iote. Ule mnara unapiga kelele usiku na mchana, sisi hatusikii, mbegu inasikia.

— Mbona migunga inaota?

— Migunga ina miiba, bwana! Mawimbi yakifika pale yanapata pancha.

— Hapana, Msumeno akasema, sasa akinong'ona. Migunga yenyewe ndiyo adui. Imekaa kikao chini kwa chini, mizizi kwa mizizi, ikapitisha kwamba mgeni asiingie.

— Na mwenyekiti nani?

— Ule uliopinda.

— Jamani! Baba Mizinga akapiga mzinga kofi, ukalia kama ngoma. Nyuki wangu wanakufa njaa, nyie mnanipigia soga!

— Na mmepiga soga mpaka kahawa imebaki mashapo, shangazi akaongeza.

— Basi dawa ni moja, Chaji akasema akiinuka. Usafi! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tufyeke mpaka kwenye mashina. Mche ukitaka kuota, ukute nafasi, usiwe na kisingizio.

Tukainuka sote na mafyekeo yetu. Ndipo akatokea yule dada fundi cherehani, aliyehamia chumba cha jirani juzijuzi, kikombe mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada. Karibu mashapo.

— Samahani, kaka zangu, nimewasikia kupitia dirisha. Kwani mkiingia humo mnafyeka nini?

— Magugu, Msumeno akajibu kwa fahari. Unaweza kutandika mkeka ukalala.

— Yote?

— Yote, isipokuwa migunga. Ile inachoma mikono, tunaiacha.

Dada akatazama msitu, kisha akateremsha kiganja mpaka kimo cha kikombe kutoka ardhini.

— Na mche wa msambarau, ukiwa mdogo hivi, mnautofautishaje na gugu?

Chaji akamtazama Msumeno. Msumeno akaanza kupima makali ya fyekeo lake kwa kidole gumba. Mimi nikaficha langu mgongoni.

Baba Mizinga akapita kwa kila mmoja wetu, akatupokonya mafyekeo, akayatumbukiza ndani ya mzinga mtupu, mipini ikachomoza nje. Hakuna aliyedai la kwake.