Bakuli la Ijumaa Nane

Fundi Uwesu Fakihi anastaafu tarehe 30 Septemba mwaka huu, baada ya kuitumikia karakana ya useremala ya chuo chetu kwa miaka thelathini na miwili. Alipopanda Newala akitokea kwao Masasi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane. Alikuta mashine ya kukereza imetupwa kwenye kona, haina mguu mmoja, na kuku wanatagia chini yake. Akawahamisha kuku, akaunda benchi la mninga kwa mbao za daraja lililobomolewa, akaifunga mashine juu yake. Wawili hao hawakuachana tena.

Kwa asiyewahi kuingia karakana: mashine ya kukereza huzungusha kipande cha mti kwa kasi, na fundi huegemeza patasi yake hapo mpaka kipande kiwe bakuli, kinara au mguu wa kiti. Wageni wakisikia huku juu kwenye uwanda wa Newala kuna fundi wa miti, huja wakiulizia vinyago. Fundi Uwesu huwajibu kwa adabu zote kwamba yeye hata pua moja hajui kuchonga, kazi yake ni duara tu.

Mbao mpya aliziacha kwa samani za chuo. Zawadi alizikereza kwa miti iliyokwisha kukataliwa: fremu za madirisha, boriti za nyumba zilizoanguka, mikorosho mizee iliyong'olewa kijijini Mkunya. Mkewe, Mama Yasmini, amewahi kulalamika mbele ya wafanyakazi wote kwamba nyumbani kwake katika chumba cha wageni yanalala magogo, na wageni wenyewe wanalala sebuleni.

Hapa chuoni ndiye aliyetuanzishia desturi tunayojivunia. Kila anayestaafu huondoka na kitu kilichokerezwa kutoka kwenye mti wa kazi yake mwenyewe. Dereva alipewa kinara cha mbao za bodi ya lori lake. Mwalimu wa hesabu alipewa kopo la kalamu lililotoka kwenye fremu ya ubao wake. Chini ya kila zawadi Fundi hukata duara moja kwa kila miaka kumi ya utumishi. Zawadi hizo sasa ni ishirini na sita, na hakuna hata moja tuliyosikia imepotea.

Moja ilikaribia. Mpishi wetu, Mama Esther, alipokuwa anakaribia kustaafu, Fundi alitunza stoo kipande cha kizingiti cha jiko la zamani, alichokivuka mama huyo kwa miaka ishirini na minne. Akakiandika kwa chaki: Mama Esther. Mtunza stoo, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, alisoma jina, akaona mzigo umekaa sana, akaupeleka kwa mwenyewe jikoni. Mama Esther naye aliona kuni nzuri kavu, akashukuru, akakichochea kipande chini ya sufuria la maharage. Fundi alifika mbio, akakichomoa kipande kikiwa kimeshika moto upande mmoja, akakizima kwa maji ya kunawia. Bakuli lililotoka humo lina ukingo mweusi wa kuungua, na Mama Esther halitoi kabatini isipokuwa kwa mgeni wa heshima.

Mtunza stoo alisubiri kufokewa. Alichoambiwa ni sentensi moja tu: "Mama Gasper, kitu chochote kabla hujakiita kuni, kwanza nipigie hodi." Tangu siku hiyo amejiona ana deni la shukrani ambalo hakujua atalilipaje.

Ndipo mwaka huu swali likatukalia kooni: aliyewapa wote, yeye nani atampa? Wanafunzi wanaojua kukereza walikuwa mazoezini viwandani. Kamati ikapendekeza saa ya ukutani kutoka dukani. Mtunza stoo alikataa hadi akanyanyuka kwenye kiti. Fundi huyu kuondoka na kitu cha dukani ingekuwa aibu yetu sote. Mwezi Machi ilikuja mashine mpya yenye miguu ya chuma, na benchi la mninga likavunjwa. Kipande kimoja kilifichwa stoo, na safari hii hakikuandikwa jina lolote.

Flora Chrispin, mama wa Gasper, mtunza stoo kwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kushika patasi. Alichokuwa nacho ni dirisha la stoo linalotazama karakana, ambalo kupitia kwake alimwona Fundi akikereza. Kila Ijumaa Fundi alipokwenda msikitini, yeye aliingia na kujifunza. Aliharibu vipande vitatu vya mkorosho kabla ya kuthubutu kuugusa mninga. Maranda aliyafagia yote, akarudisha kila chombo mahali pake, akaamini siri yake imekaa vizuri.

Ijumaa ya tatu alikuta patasi imenolewa na kuwekwa juu ya mashine. Akadhani ni bahati. Ijumaa ya tano, siku aliyofikia kuchimba ndani ya bakuli, alikuta patasi ya kuchimbia. Ijumaa ya saba, chini mbele ya mashine palikuwa na kibao kipya cha kusimamia, cha urefu uleule ambao Flora anapungukiwa kumfikia Fundi Uwesu begani. Alisimama juu yake, mikono ikatulia, na machozi yakamtoka. Jumatatu yake alimwamkia Fundi shikamoo kama kawaida, akaitikiwa marahaba kama kawaida, na Ijumaa ya nane bakuli likakamilika.

Fundi Uwesu, bakuli utakalokabidhiwa leo limeinama kidogo upande mmoja. Ukiligeuza, na tunajua utaligeuza, utakuta maduara matatu na alama mbili ndogo za miaka ya juu yake. Duara la kwanza limepinda, maana liliwahi kukatwa kabla kibao hakijafika. Asante kwa miaka yako na kwa ukimya wako. Tunakuombea afya, msimu mwema wa korosho, na Mama Yasmini apate chumba chake.

Kibao tumekiacha palepale mbele ya mashine. Na tumeshamwambia kila mtu jikoni kwamba si kuni.