Jino la Bibi Rahabu na Mfungo wa Malindi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tumkumbuke Bibi Rahabu wa Malindi, Lushoto, tuliyemzika Jumamosi. Mama huyu hakuwa mwepesi kumwamini mtu. Hata mizani ya duka la kijiji aliikagua kwanza.

Mwaka 1974, enzi za Ujamaa, zahanati ilipata mganga wa meno, Salimu. Alichanganya unga wa fedha na zebaki, akaziba matundu. Alimwonya kila mgonjwa: dawa ikiwa mpya ni laini kama zege bichi, usiitafunie hadi kesho. Wengi waliitikia tu.

Rahabu alizibwa asubuhi, akaenda shamba la kijiji. Mchana yakaletwa mahindi ya kuchemsha. Kukataa chakula cha wote kulionekana maringo. Akala. Dawa ikapasuka, ikaondoka na pembe ya jino. Walutheri wenzake kadhaa yakawapata hayohayo. Hadija, jirani yake Mwislamu, alizibwa pia, na jino lake likabaki zima. Ilikuwa Ramadhani, lakini Rahabu hakulifikiria hilo. Yeye aliona Salimu anawapendelea Waislamu wenzake. Alilisema kisimani, sokoni, hata nje ya kanisa. Kamati ya kijiji ikataka Salimu aondolewe.

Rahabu akatafuta ushahidi wa kummaliza. Alikuwa na jino jingine bovu, na Hadija vilevile. Akamtaka Salimu achanganye dawa moja mbele ya macho yake, awazibe wote wawili.

"Na leo nafunga kama Hadija," alisema. "Usije ukasingizia chakula changu."

Wakalima pamoja, matumbo matupu. Kila mara Rahabu alilipapasa jino kwa ulimi, akingoja livunjike. Jioni wakafuturu kwa uji. Kesho yake akatafuna mahindi makavu kwa makusudi. Dawa haikutikisika. Kumbe yaliyovunja meno ni mahindi ya mchana ule, si Salimu. Ndipo aibu ikamshika, wasikilizaji, aibu ya kweli.

Alisimama mbele ya kamati, akakiri kwamba alimsingizia mtu. Salimu akabaki kazini. Lakini mwana wa Rahabu, mzee Sefania, anasema mganga hakufurahi. Alimwuliza kwa upole, "Mama, na wale uliowaambia sokoni?"

Rahabu akawaendea, nyumba kwa nyumba, hadi kijiji cha Gare.

"Wengine hawakumwamini," anasema Sefania. "Walisema bila shaka Salimu amemtisha."

Mzee Sefania na familia yote, poleni sana. Bwana ampumzishe mama yenu. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tuliyemchafua kwa shaka zetu, tukirudi kumsafisha, nani atatusikiliza?