Sahihi ya Bi. Maureen na Timu Isiyokuwepo

Kwa miaka arobaini na mmoja, hakuna timu ya raga katika Bonde la Calden iliyoingia uwanjani bila Bi. Maureen Sugden kuiambia ni lini na wapi. Katibu wetu wa ratiba alianza kazi Agosti 1984. Anastaafu Ijumaa hii, Oktoba 10, penseli yake fupi ikiwa bado nyuma ya sikio.

Wasiojua ugumu wa kazi hii nawaonea wivu. Timu zetu ni kumi na moja, na kila moja hukutana na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, kwa wiki ishirini na mbili. Kwa kuwa timu kumi na moja hazigawanyiki kwa mbili, kila wiki timu moja hupumzika, na hupewa pointi mbili za bure ili isinung'unike. Timu tano bora huingia mchujo wa kuwania ubingwa. Bi. Maureen aliyapanga yote hayo kichwani huku akila pai, na ole wako umkatize; mimi aliniambia: "Barry, nyamaza! Nikiipoteza wiki ya tisa utaitafuta wewe?"

Sasa niseme la 2006, maana msipolisikia kwangu mtalisikia baa. Kompyuta ilikuwa ngeni, na naibu wake, yaani mwandishi wa makala haya, alizielekeza pointi za mapumziko kwenye mstari mtupu badala ya timu iliyopumzika. Msimu ulipoisha, mstari ule ulikuwa na pointi arobaini na nne, haujafungwa hata mechi moja, na unaongoza ligi. Kwa kuwa haukuwa na jina, sote tulidhani ni kichwa cha jedwali. Bi. Maureen akatia sahihi.

Thrushcliffe, waliostahili nafasi ya tano, wakawa wa sita. Kocha wao alikuwa Clifford Sugden, mume wa Bi. Maureen, na ule ulikuwa msimu wake wa mwisho.

"Maureen, umenitoa kwenye mchujo kwa ajili ya nani?"

"Hata sijui nikwambie nini, Cliff. Hakuna mtu pale. Nimekosea mimi."

Hakunitaja. Mpaka leo hajanitaja.

Kwa kanuni zetu, jedwali lenye sahihi halibadilishwi mpaka klabu zote kumi na moja zikubali. Haxley, waliokuwa njiani kukutana na timu isiyokuwepo, wakubali? Thubutu! Watu elfu tatu walikuja kutazama. Mvua ilinyesha, Haxley wakaudondosha mpira mara saba bila kuguswa na yeyote, wakashinda pointi nne kwa bila. Na kwa kuwa mfumo wetu humpa aliyeongoza ligi fursa nyingine akifungwa, wiki iliyofuata timu isiyokuwepo ilirudi, ikafungwa tena.

Tangu hapo, kila mwaka tumepiga kura ya siri ya kulisahihisha jedwali lile. Kila mwaka: kumi ndiyo, moja hapana. Bi. Maureen aliamini ni Haxley tu, hata akaacha kununua nyama kwenye bucha lao.

"Natamani nimrudishie Cliff nafasi yake kabla sijaondoka," aliniambia mwezi uliopita, machozi yakimlengalenga.

Basi wiki iliyopita, kwa ombi lake, tukapiga kura ya mwisho, safari hii kwa kunyoosha mikono. Mikono kumi ikapanda, wa Haxley ukiwa wa kwanza. Mmoja ukabaki mezani: wa mwenyekiti wa Thrushcliffe, Mzee Clifford mwenyewe.

"Cliff! Kumbe ni wewe siku zote hizi?"

"Nikikubali, wanafuta sahihi yako," alisema. "Haijawahi kufutwa katika bonde hili. Isianzie kwangu."

Bi. Maureen alimwita mjinga mbele ya klabu zote, kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye na kuushika mkono ule uliogoma.

Asante, Bi. Maureen, kwa kila Jumamosi uliyotupangia. La 2006, ndugu zangu, lilikuwa langu, na namwomba radhi. Tunakutakia wewe na Cliff afya njema na miaka mingi isiyo na wiki ya tisa. Na wale wa bucha la Haxley wanasema njoo tu, wamekuwekea soseji.