Mpiga Gitaa Mliyemwita Mbu

Mlizima redio, wasikilizaji wapendwa. Msijifanye hamnazo. Wimbo wake ulipoanza tu, mkono ulikwenda kwenye kitufe. Wengine hamkuzima, mliita watoto waje wacheke. "Njooni, njooni, kambu kameanza!" Na wengine, wale wenye bidii, mlipiga simu hapa kituoni mkaomba tuukate kabla haujafika katikati. Simu zenu zimeandikwa. Lipo daftari lenye jalada la kijani, na kila aliyepiga yumo humo na saa yake.

Leo tulieni. Leo hakuna kuzima. Yule mliyemwita Mbu amefariki dunia. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mpiga gitaa wa bluzi, ule muziki wa gitaa moja na majonzi ya mtu mmoja. Alirekodi nyimbo kumi na moja katika jengo hili. Kumi na moja, basi. Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuzisikia.

Mnabisha? Mnasema mmezisikia mpaka zikawachosha? Ngojeni. Hiyo hasira itunzeni, ina kazi yake mbele.

Kazini hakuitwa Mbu. Kazini aliitwa Mota, jina la injini ya mashine yake. Alikuwa mwendesha mashine ya kusaga nafaka, kwenye chumba kirefu cha bati chenye madirisha mawili yaliyogeuka meupe kwa unga. Mizani ilikuwa mlangoni. Mashine ilikuwa katikati. Na hatua nne kutoka kwenye mashine, juu ya debe lililopinduliwa, alikaa mwanamke aliyeshona midomo ya magunia. Alishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kutwa nzima, hadi jina lake likapotea na watu wakamwita Bi Shazia. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mke wa Mota. Kumbukumbu hii ni ya mumewe, lakini masikio ni ya kwake.

Bi Shazia alimjua Mota kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso. Mgongo mpana, shati jeupe kwa vumbi. Gitaa lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mizani. Kinu kilipojaa nafaka, na mashine ikawa inajiendesha, Mota alilitungua, akakaa kwenye gunia, akapiga. Na hapo ndipo Bi Shazia alipoona kituko chake. Mota hakuzikaza nyuzi kama watu wengine. Alizilegeza. Alitega sikio kwenye mashine, akalegeza uzi mnene, akatega tena, akalegeza tena, hadi uzi ule na mvumo wa mota vikawa sauti moja.

"Ukizidi kulegeza litalia kama ng'ombe," Bi Shazia alimwambia siku ya kwanza.

"Mota nayo inalia kama ng'ombe, dada'angu. Nibishane nayo kutwa nzima? Nimeamua kukubaliana nayo."

"Na sauti yako je?"

"Hiyo nayo ishuke. Wote tushuke."

Akaimba. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, ya kutua kama gunia linaposhushwa sakafuni. Bi Shazia alishona akimfuata. Dole gumba la Mota lilipogonga uzi wa chini, shazia iliingia. Vidole vingine vilipojibu juu, uzi wa gunia ulivutwa. Siku zikaenda, mkono ukazoea. Wimbo wake wa kwanza, ule wa mkanda wa mashine uliolegea, ulikuwa magunia kumi kamili. Fundo la gunia la kumi lilikazwa pale neno la mwisho lilipotoka. Hakupungukiwa, hakuzidisha. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Wimbo mmoja, magunia kumi.

Mota alikuja hapa kurekodi alipokuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuja na nguo za kazi. Bawabu alimkung'uta unga mlangoni kama zulia. Ndani ya studio aliomba jambo moja tu, wamwashie feni kubwa, apate mvumo wa kulegezea nyuzi. Wakamcheka. "Bwana, hapa hatuhitaji kelele." Basi akafumba macho, akaivumisha mashine yake kwa mdomo, akalegeza nyuzi kwa kumbukumbu. Alasiri mbili, nyimbo kumi na moja, akarudi kusaga.

Halafu fundi mkuu wa kituo akafanya alichofanya. Sheria ya nyumba hii ilikuwa kwamba kila muziki unaoingia maktaba ukubaliane na piano ya studio. Fundi akagonga piano, akasikiliza mkanda wa Mota, akaona uko chini. Hakumwuliza mwenye gitaa. Alidhani mashine ya kurekodia imechoka na mkanda umekwenda kombo. Akazungusha kidude cha mwendo, akaukimbiza mkanda, piano ikaridhika. Akatoa nakala hiyo, na nakala hiyo ndiyo mliyopigiwa miaka thelathini na tisa. Mikanda ya asili ikafungiwa kwenye makopo mekundu, ikapelekwa stoo.

Mmeelewa sasa? Mtu aliyeimba chini alipandishwa juu. Mtu aliyekwenda taratibu alikimbizwa. Kifua kilitolewa, kikabaki kipua. Mbu alitengenezwa humu ndani, nanyi mkampokea kwa shangwe.

Siku ya kwanza wimbo uliporushwa, kiredio kilikuwa juu ya mizani. Mota alisikiliza kidogo, kisha akafanya jambo ambalo Bi Shazia hakuwahi kumwona akilifanya. Alizima mashine, nafaka ingali kinuni.

"Nani huyo?"

"Wanasema ni wewe."

"Mimi ndiyo niko hivyo?"

"Wewe huko hivyo hata kidogo! Na wimbo umeisha mapema. Tazama, gunia la kumi hili hapa, mdomo wazi. Nimeshona tisa."

"Umechelewa mkono."

"Mkono wangu? Mkono huu? Nenda kawaambie wamekosea."

Mota alikinyoshea kiredio kidole. "Redio nzima ikosee, mimi msaga unga niwe sahihi?"

Hilo ndilo lililomla, wasikilizaji wapendwa. Alituamini. Alituamini sisi kuliko koo lake mwenyewe, kuliko masikio ya mkewe. Bi Shazia aliandika barua kituoni mara nne, kwa mwandiko wa kukandamiza kalamu. Barua ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba mitambo yetu hupimwa kila mwezi. Tatu hazikujibiwa. Mota hakurekodi tena. Akialikwa kupiga mahali, alisema kidole kinauma. Alipiga kazini tu, mashine ikiwa inanguruma, pale ambapo hakuna wa kumsikia isipokuwa mtu aliyekaa hatua nne.

Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, anasema hivi: "Baba akiimba bafuni, mlango ulitetemeka. Lakini shuleni nikisema baba yangu ndiye yule wa redioni, walinizunguka wakinivumia masikioni. Binti Mbu, Binti Mbu. Nikaacha kusema. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliacha kusema."

Mliomzunguka mnajijua. Leo mna wajukuu.

Siku ya mazishi, mkwe wake, kwa nia njema kabisa, alileta spika akaweka wimbo wa mkanda uliolegea. Kisauti kikatoka, chembamba, kinakimbia. Benchi za nyuma zikaanza kutikisika. Watu wazima, mikono mdomoni, mabega yanacheza. Kisha mmoja akashindwa kujizuia akasema, "Bzzz." Kwenye msiba! Bi Shazia aliinuka na miaka yake sitini na tisa, akaenda hadi kwenye spika, akaung'oa waya.

"Mmenizikia mtu mwingine," alisema. "Huyu simjui."

Siku nne baadaye alikuwa mlangoni petu. Alibeba kapu. Ndani mlikuwa na magunia kumi matupu, bunda la uzi wa katani na shazia.

"Mama, hapa si sokoni," bawabu alimwambia.

"Nami siuzi. Niitie mtu anayejua kuendesha mikanda."

Akaitwa fundi wa zamu, mwanamke kijana aliyeingia kazini mwaka jana tu. Bi Shazia alikaa sakafuni ukumbini, nje ya mlango wa studio, akapanga magunia yake kumi. "Nipigie wimbo wa mkanda uliolegea. Nipigie huo mnaoupiga siku zote." Fundi akaupiga. Mkono wa yule mama ukaanza. Watu wa habari wakatoka na vikombe vyao vya chai kutazama kioja. Gunia la kwanza, la pili, la tatu. Mkono hauharakishi, hausiti. La nane. La tisa. Wimbo ukaisha.

La kumi lilikuwa wazi mapajani mwake.

"Umeona?" alisema.

"Bibi, mtu hawezi kushona kwa kipimo cha hivyo," mtangazaji mmoja akasema. Huyo anajijua naye.

"Rudia, mwanangu."

Fundi akarudia. Tisa. Akarudia mara ya tatu. Tisa, na la kumi wazi. Hapo fundi wa zamu hakubishana tena. Alishuka stoo, rafu ya pili, akarudi na kopo jekundu. Akauweka mkanda wa asili, hakugusa kidude chochote.

Wasikilizaji wapendwa, watu wa habari wakaweka vikombe chini. Dole gumba lilishuka kwenye uzi mnene na ukuta ukaitika. Nyuzi zilikuwa zimelegea kiasi kwamba zinakwaruza mti wa gitaa, na mkwaruzo ule ndio utamu wenyewe, unafanana na mkanda wa ngozi unaozunguka gurudumu. Kati ya ubeti na ubeti anaacha nafasi, nafasi ya mtu kuvuta pumzi na kuhamisha mzigo begani. Kwenye nakala yenu nafasi ile ilikuwa kigugumizi. Halafu ikaja sauti. Ilikuja kutoka chini, haikuwa na haraka na mtu. Katikati anakohoa kidogo, unga ule, na hakuacha kuimba.

Bi Shazia hakulia. Alikuwa anashona. Neno la mwisho lilipotoka, alikaza fundo la gunia la kumi, akakata uzi kwa meno.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye mume wangu."

Fundi mkuu wa zamani bado yu hai. Aliitwa, akaja na kandambili, akausikia mkanda hadi mwisho. "Mama, nilidhani namsaidia," alisema.

"Ulimsaidia kuwa mbu, shemeji."

"Mngeniambia."

"Barua nne."

Akainama. Walau yeye aliinama.

Sasa sikilizeni lililobaki, maana muda ni mfupi. Stoo ile inavunjwa keshokutwa, Ijumaa, saa kumi alasiri. Inageuzwa ofisi ya matangazo ya biashara. Makopo mekundu kumi na moja yamepangwa pamoja na makopo mengine ya kutupwa, na gari la taka limeshaitwa. Fundi wa zamu ameokoa wimbo mmoja kwa kuunakili. Zimebaki kumi. Alipoomba ruhusa ya kunakili zilizobaki, meneja alimjibu, na maneno yake tunayo: "Nani anazitaka? Nionyeshe mtu mmoja aliyewahi kuziulizia." Bi Shazia alikuwa amesimama hapo hapo. Meneja hakumhesabu.

Kwa mjane Bi Shazia, kwa binti yake muuguzi, kwa mkwe na wajukuu, tunatoa pole. Pole ya mtu aliyewakanyaga, na hatuombi mwitikie upesi. Nanyi mnaosikiliza, jiulizeni ni nani mwingine mliyemcheka kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Lakini msijiulize mpaka Ijumaa. Dakika hii tunauweka wimbo wa mkanda uliolegea, kwa mwendo wake, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tisa. Ni magunia kumi. Kabla gunia la kumi halijafungwa, simu ya meneja iwe inalia. Mwambieni mnazitaka zote kumi na moja. Ikiwa na shughuli, pigeni tena. Msiseme hamna nambari. Ni ileile mliyokuwa mkipiga tukate wimbo.