Mabati ya Nyumba ya Hamida

Sogeeni karibu wanangu, na wewe Godwin, mtoto wa dada yangu, sogea, usikae hapo mlangoni kama mgeni, njoo ukae mkekani karibu na Agatha, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali na sitaki mtu aje kusema kesho kwamba hakusikia. Mzee Cuthbert, mwenyekiti wetu wa kitongoji, ndiye anayeandika. Andika taratibu mwenyekiti, nikienda mbio nishike mkono. Binamu yangu Marko ametoka Lukuledi kwa niaba ya ukoo wangu, na shemeji yangu Khalfan yupo kwa niaba ya kina Hamida, mama yenu. Nikimaliza mtatia sahihi, na asiyejua kuandika atabonyeza dole gumba, hakuna aibu.

Mimi Gasper nina akili zangu timamu. Miguu ndiyo imekataa, na tumbo nalo limekataa, tangu niliporudi kutoka hospitali ya Mkomaindo nikijua mwenyewe kwamba muda wangu umebaki mfupi. Lakini masikio ni mazima, Godwin. Juma lililopita nilikusikia nje ya dirisha hili, uko na fundi, unamuuliza kama misumari ya kwenye kenchi inaweza kung'oka bila kuharibu bati. Usiinamishe kichwa, mwanangu, sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo, nikakohoa kwa nguvu mjue bado nipo, mkaondoka mnazungumzia mvua.

Ulikuwa unafanya ulichofundishwa. Kwetu sisi mtoto wa dada ndiye mrithi wa mtu, na watoto wa mtu ni wa kwa mama yao. Mwanamume anakuja kuishi kwa kina mwanamke, anajenga kwenye ardhi yao, anapanda mikorosho kwenye ardhi yao, na siku akifa ndugu zake wanafika kuchukua alichokiweka yeye: miti wanaivuna, milango wanaibeba, mabati wanayaezua, ardhi tu ndiyo wanaiacha. Mliyaona kwa marehemu Dauda hapo jirani. Matanga hayajaanuliwa, nyumba imebaki kuta, na mvua ya kwanza ikaziangusha kwa sababu zilikuwa za udongo, na mjane wake mpaka leo analala kwenye jiko la dada yake.

Tena yule alikuwa na ndoa. Hamida hana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, nalisema waziwazi mbele yake.

Sikilizeni ilivyokuwa, maana watu wamewasimulia vibaya. Nilipomtaka mama yenu, padri alisema kwanza abatizwe, na baba yake akasema kwanza nisilimu. Yeye hakuniambia niache kwetu, na mimi sikumwambia aache kwao. Nilimlimia mama yake msimu mzima kama alivyolima mkwe mwingine yeyote hapa Newala, nikajenga, tukakaa. Agatha akabeba jina la kwetu, Nurdin akabeba jina la kwao. Bomani tungeweza kwenda kuandikisha ndoa, na siku moja tulikwenda kweli, mama yenu amevaa khanga mpya na mimi viatu vya kuazima, tukakuta ofisi imefungwa, wafanyakazi wote wamekwenda kupokea Mwenge wa Uhuru. Tukala chapati na chai, tukarudi tunacheka njia nzima. Tukasema tutarudi baada ya kuuza korosho. Mwaka ule akazaliwa Nurdin, mwaka uliofuata akaugua mama yake, na mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka tukawa wazee.

Kuna walionishauri tufunge ndoa sasa hivi, hapa hapa kitandani. Hamida ndiye aliyekataa kwanza. Alisema hataki kusikia kisimani kwamba aliolewa na mgonjwa ili apate bati. Nilimpenda zaidi siku ile, ingawa sikumwambia, basi sasa amesikia.

Mwenyekiti, hebu nisomee hapo juu. Umeandika mke wangu Hamida? Lifute hilo neno. Lifute, nakuomba. Yule dada wa msaada wa kisheria alituambia kwamba ukiliweka, mtu atakayetaka kubisha atauliza cheti kiko wapi, na kwa cheti kisichokuwepo atajaribu kuitupa karatasi nzima. Andika jina lake na la baba yake, andika ndiye niliyeishi naye nikazaa naye watoto wawili. Naumia kulifuta. Nimemwita hivyo maisha yangu yote, na leo siku ya kumlinda ndiyo siku ninayolitoa.

Sasa andika mali. Shamba la Lukuledi nilipewa na mjomba wangu, na mikorosho iliyomo aliipanda yeye. Hilo ni la ukoo, linarudi ukooni, na Godwin ndiye atakayelishika. Watoto wangu, msilifuate shamba hilo hata kama Godwin atalitelekeza, nanyi mnajua ni mvivu wa kupalilia. Mashine ya kupulizia mikorosho salfa mtaitumia kwa zamu, wewe Godwin na Nurdin, na atakayeiharibu ataitengeneza. Marko, redio yangu ni yako, umeitazama kwa jicho la matamanio miaka mingi, chukua upumzike.

Nyumba hii na mabati yake na milango yake ni ya Hamida, akiondoka yeye ni ya Agatha na Nurdin sawa kwa sawa, asije mtu akasema mtoto wa kike asubiri. Na mikorosho ya hapa ni yao vilevile. Godwin, utasema mjomba aliipanda kwa mkono wake, na ni kweli, mashimo nilichimba mimi. Lakini wewe umezaliwa chini kule kwenye maji, hujui kiangazi cha juu huku. Miche ile ilinyweshwa na Hamida, anashuka bondeni alfajiri na ndoo kichwani, anapanda nayo mteremko, mimba ya Agatha tumboni, na tukipata maji ya kunywa kidogo miche inapata kwanza. Msimu huu nimeshakwenda kwenye chama cha msingi tukaandikisha jina lake, na korosho zilipopimwa lilisomwa jina lake mbele ya watu. Hilo limekwisha.

Khalfan, shemeji. Ulininunia kwa sababu sikusilimu, mpaka siku uliyompakata Nurdin. Yamepita. Wewe ndiye mjomba wao hawa, wasimamie, lakini usiwaamrie.

Nipeni maji kidogo. Asante, Mama Agatha.

Godwin mwanangu, najua shida yako. Lukuledi watakuuliza. Watasema kijana gani huyu, amefiwa na mjomba amerudi mikono mitupu. Nimelifikiria hilo tangu siku ya misumari. Basi sikia, na wewe Hamida sikia, usitoke nje, kaa, najua umeshamwonyesha Nurdin mahali pa kuchimba kaburi hapo nyuma ya nyumba, na mimi ndipo nilipotaka. Nimebadili. Ukoo wangu watanichukua. Mkanizike Lukuledi kwa mama yangu, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa tumbo lile. Hiyo ndiyo haki yenu, Godwin, ichukueni yote, na nyumba hii isiguswe.

Usilie, Hamida. Utapata taabu kuja kunisalimia, nauli na bodaboda, najua... Lakini utakuwa unarudi kwenye paa lako.

Na siku ya msiba... ngoja nipumue. Siku ya msiba asipelekwe jikoni. Nimeona wanawake wa namna yake, wanapewa mwiko wapikie waombolezaji kana kwamba hawajafiwa. Godwin, utamshika mkono wewe mwenyewe, umwingize ndani, umkalishe pale anapokaa mjane, na ukiulizwa ni nani, useme ni mkaza mjomba wangu. Hapo neno mke waweza kulisema, msibani hawaulizi cheti.

Agatha, usimseme vibaya Godwin. Nurdin, panda miche mingine. Pendaneni, mkosane, mpatane. Mungu wa mama yenu na Mungu wangu... ni yule yule, mimi sijawahi kuona tofauti... awafunike, awape mvua kwa wakati wake, awape watoto wawaheshimu kama mlivyoniheshimu.

Mwenyekiti... kalamu mpe Godwin kwanza. Shika, mwanangu. Saini hapo. Na Lukuledi wakikuuliza umeleta nini kutoka kwa mjomba wako... waambie umemleta mjomba.